Shajara ya Mradi: Wasifu wa Lucy Lloyd kwa Kiswahili

Januari: Mipaka ya kazi

Mradi huu una kazi moja, nayo ni kuandika kwa Kiswahili wasifu wa Lucy Catherine Lloyd, mwanaisimu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuinukuu lugha ya Ki-|xam (alama | ni ya sauti ya ulimi kwenye meno) ya Afrika Kusini, na kuuambatanisha wasifu huo na rekodi za sauti, ili wanafunzi wa isimu katika vyuo vyetu wayasikie majina na maneno ambayo hadi sasa wameyaona kwenye karatasi tu. Ki-|xam hakina mzungumzaji hata mmoja leo. Karibu yote yanayojulikana kukihusu yamo katika madaftari yaliyojazwa Mowbray, kitongoji cha Cape Town, kuanzia mwaka 1870 hadi miaka ya mwanzo ya 1880. Madaftari hayo yana kurasa zipatazo 12,000, na nyingi kati yake ni mwandiko wa Lloyd.

Tumekutana Dodoma tukiwa watatu: mimi ninayeandika, mhariri wa Kiswahili, na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka Wilaya ya Chemba ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisandawe. Jambo lililotuchukulia muda mwingi katika kikao cha kwanza ni nani awe mhusika mkuu. Katika madarasa ya isimu ya Afrika Mashariki jina linalotajwa ni la shemeji yake Lloyd, Wilhelm Bleek, na hilo lina sababu yake. Ndiye aliyelifanya neno "Bantu" liwe jina la kitaalamu la familia ya lugha ambamo Kiswahili kimo, na utaratibu wa kuzipa ngeli namba, ambao Carl Meinhof aliuendeleza baadaye, ulianzia katika sarufi linganishi aliyoitoa Bleek kwa sehemu mbili, mwaka 1862 na 1869. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika kwamba "mtu" imo katika ngeli ya 1 na "watu" katika ngeli ya 2 anaitumia kazi ya Bleek hata kama hajapata kulisikia jina lake.

Kwa hiyo Bleek hawezi kuachwa nje. Hata hivyo, tumekubaliana kwamba wasifu ni wa Lloyd, kwa sababu Bleek alifariki miaka mitano tu baada ya kazi ya Ki-|xam kuanza kwa dhati, na aliyeiendeleza, akaitetea, akaitafutia mchapishaji na kuifikisha kwenye kitabu ni shemeji yake, mwanamke asiye na shahada yoyote. Makubaliano ya pili ndiyo yatakayoiongoza kazi nzima. Watu waliomfundisha Lloyd lugha hiyo, ambao wengi wao walikuwa wafungwa, wataandikwa kwa majina yao na kwa historia zao, wala hawatakusanywa chini ya neno "watoa taarifa". Katika wasifu wetu wataitwa walimu, na kila sehemu ya maisha ya Lloyd itasimuliwa sambamba na maisha ya mwalimu aliyekaa naye mezani wakati huo.

Februari: Miaka ya kabla ya Mowbray

Sura ya kwanza imekamilika, nayo ni fupi kwa makusudi. Lloyd alizaliwa Norbury, katika jimbo la Staffordshire nchini Uingereza, tarehe 7 Novemba 1834, binti wa kasisi wa Kianglikana. Mama yake alifariki angali mtoto, akalelewa kwa muda na jamaa wa upande wa mama, na mwaka 1849 akavuka bahari pamoja na baba yake na ndugu zake kwenda Natal. Mdogo wake, Jemima, aliolewa na Bleek mnamo Novemba 1862, na katika miaka hiyo hiyo ya 1860 Lucy akahamia nyumbani kwao Cape Town.

Bleek naye tumempa kurasa chache. Alizaliwa Berlin mwaka 1827, akapata udaktari katika chuo kikuu cha Bonn mwaka 1851, akafika Natal mwaka 1855 pamoja na Askofu Colenso kwa ajili ya kuitafiti lugha ya Kizulu, kisha akahamia Cape Town kumtumikia Gavana Sir George Grey. Vitabu na miswada ambayo Grey aliiachia maktaba ya umma ya Cape Town ndiyo iliyokuwa kazi rasmi ya Bleek ya kila siku, na mshahara wake ulitoka huko. Ki-|xam kilikuwa kazi ya nyumbani, ya baada ya saa za maktaba, na ndiyo maana Lloyd, aliyekuwa nyumbani mchana kutwa, akawa na nafasi ya kusikiliza kwa muda mrefu kuliko yeye.

Machi: Gereza la Breakwater

Mwezi huu wote umekwenda katika sura ya pili, na nadhani hii ndiyo sura ambayo wasomaji wetu wataihitaji zaidi, kwa sababu bila kuielewa mtu anaweza kudhani kwamba mtafiti aliketi kijijini chini ya mti akazungukwa na wazee waliokuja kwa hiari yao.

Wa-|xam waliishi katika nyanda kavu za kaskazini mwa Koloni la Cape, maeneo ya Kenhardt na Calvinia. Katika karne ya 19 wafugaji wa kizungu waliingia huko na makundi ya kondoo, wakazikalia chemchemi na visima, na wanyamapori waliokuwa chakula cha wenyeji wakapungua kwa risasi. Watu waliobaki na njaa waliiba kondoo, na kwa wizi huo waliuawa au walifungwa. Wafungwa walisafirishwa hadi Cape Town, ambako walivunja mawe kwa ajili ya ukuta wa kukinga mawimbi wa bandari mpya; jina la gereza, Breakwater, linatokana na ukuta huo. Mwaka 1870 Bleek alipata habari kwamba miongoni mwa wafungwa hao walikuwamo wazungumzaji 28 wa Ki-|xam, akaomba ruhusa ya Gavana Sir Philip Wodehouse ili mmoja ahamishiwe nyumbani kwake Mowbray.

Wa kwanza, mnamo Agosti 1870, alikuwa kijana aitwaye |a!kunta. Alikuwa mwalimu mzuri wa maneno na sentensi fupi, lakini hadithi za kale hakuzijua vya kutosha, na kwa sababu hiyo Februari 1871 akaletwa mtu mzima, ||kabbo, aliyefungwa kwa wizi wa mifugo. Hapa kazi ilibadilika. ||kabbo alikuwa msimulizi wa kweli, na Lloyd aliandika baadaye kwamba mzee huyo alikuwa akiitazama kalamu kwa subira mpaka sentensi imalizike kuandikwa, ndipo aendelee na nyingine. Tumeliweka jambo hili mwanzoni mwa sura. Lugha ambayo mwandishi hakuijua, yenye sauti ambazo hajawahi kuzitamka, haiwezi kunukuliwa kwa maelfu ya kurasa isipokuwa mzungumzaji mwenyewe akubali kupunguza mwendo wa fikra zake ili umfuate mkono wa mwingine, siku baada ya siku.

Mhariri alitaka kujua kwa nini mtu aliyetendewa hivyo akubali. Jibu ||kabbo alilitoa mwenyewe. Kifungo chake kilikwisha akiwa Mowbray, naye akachagua kubaki hadi Oktoba 1873, ingawa alitamani sana kurudi kwao, kwa sababu alifurahia kwamba hadithi za watu wake zingejulikana kupitia vitabu. Pia alikuwa akisubiri bunduki aliyoahidiwa, na hilo tumeliandika bila kulificha, kwa kuwa mtu anayerudi katika nchi ya ukame iliyojaa wafugaji wenye silaha alikuwa na haki ya kuitaka. Alisimulia pia kukamatwa kwake, jinsi miguu yake ilivyobanwa kwenye mbao, safari ya gari la kukokotwa, jela ya Victoria West, na treni iliyomfikisha Cape Town. Simulizi hiyo, iliyotolewa kwa Ki-|xam na mtu aliyeyapitia mambo yenyewe, ni ushahidi ambao mahakama za koloni hazikuuomba. Alifariki Januari 1876, miaka miwili na ushei baada ya kurudi kwao.

Aprili: Ukurasa mmoja wa daftari

Picha za madaftari zinapatikana kwenye mtandao, kutokana na kazi iliyoongozwa na Pippa Skotnes katika Chuo Kikuu cha Cape Town na kukamilika katika miaka ya 2000. Kazi hiyo imekuwa na thamani zaidi tangu moto wa tarehe 18 Aprili 2021 ulipoteketeza ukumbi wa kusomea wa Maktaba ya Jagger ya chuo hicho. Sisi tulio Dodoma tunazisoma kurasa hizo kwenye skrini, tukizikuza mpaka mstari wa wino uonekane ulivyokolea na ulivyofifia.

Tumeamua kumwonyesha msomaji ukurasa mmoja kwa ukamilifu kabla ya kumweleza habari yoyote ya sarufi. Upande wa kulia wa daftari umegawanywa kwa safu mbili: katika safu moja yamo maneno ya Ki-|xam, katika nyingine tafsiri ya Kiingereza, mara nyingi iliyojazwa baadaye, baada ya kurudia maandishi pamoja na msimulizi. Upande wa kushoto uliachwa mtupu. Huko ndiko Lloyd alikoandika maelezo yaliyojitokeza wakati wa marudio: mmea huu huliwa mzizi wake, ndege huyu hulia usiku, neno hili hutumiwa na wanawake, hadithi hii msimulizi aliisikia kwa mama yake. Juu ya ukurasa huwa kuna jina la msimulizi na tarehe. Mwanafunzi wa leo anayekwenda uwandani anafundishwa kuyafanya haya haya, na ni vizuri ajue kwamba kulikuwa na mtu aliyeyafanya miaka 150 iliyopita bila kufundishwa na yeyote, kwa sababu aliona kwamba maelezo yasiyo na jina la mwenyewe hayawezi kuulizwa swali tena.

Mwanzoni walielewana kwa Kiholanzi cha Cape, ambacho wafungwa walikuwa wamekiokota kwa wakulima. Madaftari ya mwanzo yana majina ya viungo vya mwili, wanyama, vyombo. Pale ambapo maelezo hayakutosha, wasimulizi walipelekwa kwenye jumba la makumbusho la Cape Town kuwatazama ndege na wadudu waliohifadhiwa, ili jina la mdudu lisiishie kuwa "aina ya mdudu", tafsiri ambayo kila aliyewahi kutunga kamusi ya lugha ndogo anaijua na anaichukia. Baada ya muda Kiholanzi kinapungua kwenye kurasa, sentensi zinarefuka, na mwandiko wa Lloyd unakuwa wa haraka na wa hakika.

Mei: Vidoko

Ki-|xam kilikuwa na vidoko vya namna tano, yaani konsonanti zinazotokea ulimi au midomo inapobandukia kwa kishindo baada ya kunyonya hewa kidogo ndani ya kinywa. Alama | ni ya ulimi kwenye meno, alama ! ni ya ulimi nyuma ya ufizi. Alama || ni ya upande wa ulimi. Alama ≠ ni ya ulimi uliobanwa kwenye kaakaa. Na ya tano, inayoandikwa kwa duara lenye nukta katikati, hutolewa kwa midomo.

Hapa ndipo tulipomhitaji mwalimu wetu. Kisandawe kina vidoko vya meno, vya ufizi na vya upande wa ulimi, navyo kwake ni sauti za kawaida, alizonyonya na maziwa ya mama. Nilipomwandikia jina la |a!kunta kwenye karatasi alilitazama, akaniuliza alama ya pili inatamkwa wapi, kisha akalitamka mara moja bila kukwama, akalirudia polepole ili msomaji wetu wa rekodi amfuate. Msomaji huyo ni binti wa Kigogo aliyezoea kusoma habari redioni. Alijitahidi asubuhi nzima, na kila alipotaka kukata tamaa mzee alimwambia, "Mwanangu, usiulazimishe ulimi. Uache uanguke wenyewe." Kufikia jioni jina la ||kabbo lilikuwa linatoka sawasawa. Nimeshuhudia kwa macho yangu kile ambacho Lloyd alikipitia akiwa na umri wa miaka 36, bila mashine ya kurekodia wala kitabu cha fonetiki cha kumwongoza.

Vidoko viwili vilivyobaki havimo katika mfumo wa kawaida wa Kisandawe. Kwa hivyo tunategemea rekodi za N|uu, lugha ya ukoo mmoja na Ki-|xam, ambayo mzungumzaji wake mashuhuri ni Bibi Katrina Esau wa Upington. Yeye alizaliwa mwaka 1933, amekuwa akiwafundisha watoto lugha hiyo nyumbani kwake, na mwaka 2014 alitunukiwa nishani ya taifa ya Mbuyu na serikali ya Afrika Kusini. Kumsikiliza ndiyo njia ya karibu zaidi iliyobaki ya kuvisikia vidoko hivyo kutoka kwa mtu aliyekua navyo.

Upangaji wa kurasa umetuletea tabu ya aina nyingine. Programu ya kuandikia huichukulia alama ! kuwa ni mwisho wa sentensi, ikaibadilisha herufi inayofuata kuwa kubwa, na alama | imegeuka kuwa herufi l ndogo katika sehemu kadhaa za nakala ya kwanza ya kusahihishia. Tumezima usahihishaji wa programu, na mhariri sasa anayapitia majina yote kwa jicho, moja moja. Kazi hii inachosha lakini haiwezi kurukwa: jina la mtu likikosewa katika kitabu kinachodai kuyarudisha majina, kitabu hicho hakina haja ya kuchapishwa.

Jambo moja la sauti limenifurahisha kuliko yote. Katika hadithi za Wa-|xam wanyama wana matamshi yao. Kobe husema kwa namna yake, na Mwezi na Sungura wamepewa kidoko ambacho Bleek alikiri kuwa ni kigumu mno kukitamka. Tumechagua kurekodi sehemu fupi ya hadithi ya asili ya kifo, aliyoisimulia Dia!kwain, mwalimu mwingine wa Lloyd: Sungura alimlilia mama yake aliyekufa, Mwezi akamwambia anyamaze kwa kuwa mama atarudi kama yeye Mwezi anavyofifia na kurudi, Sungura akakataa kuamini, Mwezi akampiga mdomoni mpaka ukapasuka, na tangu hapo watu wakifa hawarudi. Tafsiri ya Kiswahili imekamilika. Sauti ya Mwezi tumeiacha isomwe kwa Kiswahili cha kawaida, kwa kuwa kubuni kidoko chake kungekuwa ni kuzua.

Juni: Picha ambazo hazitatumika

Kulikuwa na hoja ya kupamba kitabu kwa picha za wafungwa. Nimeipinga, na wenzangu wamekubali. Mwaka 1869 Thomas Huxley, mtaalamu wa Uingereza, aliomba kupitia serikali yake picha za watu wa makoloni zipigwe kwa vipimo, watu wakiwa uchi, wa mbele na wa ubavuni, na upande wa Cape aliyesimamia ombi hilo ni Bleek. Baadhi ya wafungwa wa Breakwater walipigwa picha hizo. Hawakuwa na uwezo wa kukataa.

Ukweli huu umeandikwa wazi katika sura ya Bleek, kwa sababu mtu huyo huyo aliyetambua uzito wa hadithi za ||kabbo alikubali pia miili ya watu ipimwe kama vielelezo, na wasifu unaoacha moja kati ya mambo hayo mawili haumtendei haki msomaji. Picha zenyewe hazitachapishwa. Badala yake tutatumia picha za kurasa za madaftari.

Julai: Baada ya Agosti 1875

Bleek alifariki tarehe 17 Agosti 1875 akiwa na umri wa miaka 48, baada ya miaka mingi ya ugonjwa. Sura hii ndiyo ndefu kuliko zote, na nimeiandika upya kwa ushauri wa mhariri, aliyeniomba niyafuate mambo kwa mpangilio wa miaka.

Lloyd alipewa kazi ya Bleek katika maktaba kwa nusu ya mshahara wake. Mchana aliutunza mkusanyo wa Grey, na wakati mwingine wote aliendelea na Ki-|xam. Dia!kwain alikuwa bado Mowbray na alibaki hadi Machi 1876. Dada yake, !kweiten ta ||ken, ambaye alikuja na mumewe, ≠kasin, na watoto, alikuwa amekwisha kutoa simulizi zake, naye ni mwanamke pekee mtu mzima wa Ki-|xam mwenye nafasi ya maana katika madaftari. Mimi naona pengo hilo ni kubwa, kwa kuwa hadithi nyingi ambazo wanaume walizisimulia walisema wenyewe kwamba walizipata kwa mama zao.

Januari 1878 alifika |han≠kass'o, mkwe wa ||kabbo, akakaa hadi Desemba 1879. Huyu alifanya kazi na Lloyd peke yake, na sehemu kubwa ya yale yanayosomwa leo inatoka kwake. Mwaka 1879 huo huo Lloyd alishiriki kuanzisha chama cha fasihi simulizi cha Afrika Kusini pamoja na jarida lake, akanukuu maandishi ya Kikorana, lugha nyingine ya Afrika Kusini, na kuanzia Septemba akawapokea wavulana wa Ki-!kung kutoka kaskazini mwa nchi inayoitwa leo Namibia: kwanza !nanni na Tamme, kisha |uma na Da, ambaye alikuwa mtoto mdogo. Lugha yao haikuwa Ki-|xam, na Lloyd, akiwa na umri wa miaka 44, akaanza upya kujifunza maneno ya viungo vya mwili na wanyama. Wavulana hao walichora miti, matunda na wanyama wa kwao, na michoro hiyo imehifadhiwa pamoja na madaftari.

Mwaka 1880 wasimamizi wa maktaba waliamua kumwondoa, na nafasi yake akapewa Theophilus Hahn, mwanamume aliyesomea isimu Ujerumani. Jambo hili nimelipa kurasa nyingi kwa makusudi. Wakati ule hapakuwa na mtu mwingine aliye hai, nje ya Wa-|xam wenyewe, aliyekifahamu Ki-|xam kwa kiwango cha Lloyd, na kazi iliyompa riziki na kumweka karibu na vitabu ilichukuliwa wakati alipokuwa na walimu wanne wa lugha mpya nyumbani kwake. Hata hivyo aliendelea kutumia fedha zake. Baada ya George Stow kufariki mwaka 1882, aliyekuwa amenakili michoro ya mapangoni, Lloyd alinunua nakala hizo kwa mjane wake, na kwa hiyo zikaokoka. Mwaka 1889 alitoa taarifa fupi ya mambo aliyoyakusanya tangu Bleek alipofariki, na taarifa hiyo ndiyo inayotuwezesha leo kujua nani alisimulia nini na lini.

Agosti: Kitabu cha 1911

Alikwenda Ulaya katika miaka ya 1880, akaishi huko kwa muda mrefu, kipato kikiwa kidogo na afya ikiwa dhaifu. Kitabu, Specimens of Bushman Folklore, kilitoka London mwaka 1911, maandishi ya Ki-|xam yakiwa upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Jina la Bleek limetangulia kwenye ukurasa wa mbele, la Lloyd likafuata, na imetajwa kwamba ndiye aliyekihariri. Miaka 36 ilikuwa imepita tangu kifo cha Bleek.

Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Cape of Good Hope kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari, akawa mwanamke wa kwanza kuipata nchini Afrika Kusini. Alifariki Mowbray tarehe 31 Agosti 1914. Mpwa wake, Dorothea Bleek, aliyezaliwa mwaka 1873, alikuwa amekwenda Prieska na Kenhardt miaka michache kabla, akawakuta wazee wachache tu waliokuwa bado wanakijua Ki-|xam.

Mhariri alipendekeza hapa tuongeze aya juu ya yaliyofuata, na imeongezwa: madaftari kuingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, na Afrika Kusini kuchagua maneno ya Ki-|xam, !ke e: |xarra ||ke, kwa ajili ya nembo yake ya taifa iliyozinduliwa tarehe 27 Aprili 2000. Mimi naithamini nembo hiyo. Lakini nimesisitiza kwamba aya hiyo iwe fupi, kwa kuwa maneno manne kwenye nembo hayawezi kuchukua nafasi ya kurasa 12,000 ambazo watu wachache mno wamezisoma.

Septemba: Kutoka Mowbray hadi Ziwa Eyasi

Sura ya mwisho inatuleta nyumbani. Dorothea alijifunza Ki-|xam kwa shangazi yake, yaani dada ya mama yake, na akairithi kazi pamoja na madaftari. Kamusi aliyoifanyia kazi maisha yake yote ilichapishwa mwaka 1956, miaka minane baada ya kifo chake. Mwaka 1930 alikuja Tanganyika, akakaa na Wahadza wa maeneo ya Ziwa Eyasi, na mwaka 1931 akachapisha aliyoyakusanya kuhusu lugha na maisha yao. Alikuwa akiuliza kama vidoko vya Kihadza ni ushahidi wa undugu na lugha za kusini. Wanaisimu wengi wa leo wanasema hapana: Kihadza kinasimama peke yake, hakina ndugu anayejulikana, na vidoko pekee havithibitishi nasaba ya lugha. Sura inalieleza swali hilo kwa mifano, ikionyesha kwamba hata Kidahalo cha pwani ya Kenya, ambacho ni lugha ya Kikushi, kina vidoko.

Tofauti ya kazi za watu hawa wawili nimeijadili bila kuzunguka. Lloyd alikaa na walimu wachache kwa miaka mingi, katika hali ya kifungo na ya utegemezi. Dorothea alisafiri, akakaa kwa watu majuma machache, kisha akaondoka. Anachopata msomaji katika maandishi ya Dorothea ni maneno mengi ya lugha nyingi. Anachopata katika madaftari ya shangazi yake ni watu. Kwa lugha ambazo bado zinazungumzwa hapa kwetu, Kihadza, Kisandawe na nyinginezo ambazo mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulizifanyia kazi ya kamusi na atlasi, mimi naunga mkono njia ya Lloyd ya kukaa muda mrefu, ila bila gereza, malipo yakiwa wazi, na jina la mwalimu likiwa kwenye jalada.

Hali ya kazi hadi leo ni hii. Sura zote zimeandikwa. Rekodi za majina zimekamilika isipokuwa zile zenye kidoko cha midomo, ambazo msomaji wetu atazirudia. Jalada litakuwa na jina la Lloyd kwenye anwani, na chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, majina ya |a!kunta, ||kabbo, Dia!kwain, !kweiten ta ||ken, ≠kasin, |han≠kass'o, !nanni, Tamme, |uma na Da. Mchora jalada ameeleza kwamba majina ni mengi na yatabana nafasi, nasi tumemwomba apunguze mchoro. Sura ya Ziwa Eyasi itapelekwa kwanza Mang'ola, kwa wazungumzaji wawili wa Kihadza waliokubali kusomewa na kutoa maoni yao kwa malipo, na mswada hautakwenda kwa mchapishaji mpaka majibu yao yarudi.